Kufuli Halikuvunjwa

Hii ya leo ni ndefu, mtuvumilie. Tunaandika "sisi" kama ilivyo desturi ya kundi letu: mmoja anashika kalamu, wengine wanasoma kabla haijatoka, na yeyote akikataa sentensi, inafutwa. Hii imesomwa na wote sita. Kuna sentensi moja ilifutwa mara mbili ikarudishwa mara mbili. Mkiifikia mtaijua.

Habari yenyewe ni kwamba tulienda kula restora na mwandishi wa vitabu vya mauaji, akalipa yeye, na tangu usiku ule kundi letu halijakaa sawa.

Wageni wa festivali ya Tumaini mnawajua. Tangu ilipoanza mwaka 2014 watu wanatoka Lilongwe, na wengine mbali zaidi, wanakuja Dzaleka kusikiliza muziki, na baadhi yao wanalala katika nyumba zetu badala ya kurudi mjini. Wengi ni vijana wenye kamera. Safari hii mmoja wetu alipata mgeni wa aina nyingine: mzee wa Kitanzania, mfupi, kofia ya kufuma, begi moja tu, amekuja kwa mabasi kutoka Mbeya, akavuka mpaka pale Kasumulu, akapita Karonga na Mzuzu, na miguu imemvimba. Yule mwenzetu aliyekulia Nyarugusu akamwamkia shikamoo vizuri kabisa. Sisi wengine tukasema "jambo mzee", maana kwetu Kongo shikamoo hatukulelewa nayo, tukiisema inatoka kama tunaigiza filamu. Akaitikia zote sawasawa. Tukamuuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Ninaua watu," halafu akangoja aone kama tutacheka.

Kumbe anaandika riwaya za upelelezi. Jina lake hatuliweki hapa, ameomba mwenyewe. Anasema mtunzi wa mauaji sura yake ikijulikana hawezi tena kukaa kijiweni asikilize watu wanavyosengenyana, na hiyo ndiyo shule yake. Ana vitabu, lakini hadithi zake nyingi zilitoka magazetini, zile za mfululizo, ambapo kila wiki unamwacha mtu na bastola kichwani mpaka gazeti lijalo.

Siku ya pili, jioni, akasema: "Nimelala kwenu, nimekula kwenu, sasa na mimi niwalishe. Mgahawa mzuri uko wapi?" Tukaangaliana. Sisi tunasema restora. Mgahawa tunalijua kwa kulisoma tu.

Kwa wale mlioko Nyarugusu, Nakivale au Kakuma ambao hamjafika kwetu: Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kabla yetu, hapa palikuwa jela ya wafungwa wa siasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 wakaanza kupokelewa wakimbizi, na mahali palipopangwa kwa watu kama 10,000 hivi, leo tumepita 50,000. Jina lenyewe, wenyeji wanatuelezaga, linatokana na neno la Kichewa la kuacha, kama unavyomwambia mtoto mkorofi: utaacha tu. Mzee aliposikia hilo alitoa daftari akaandika. Akasema yeye akianzisha riwaya mahali penye jina kama hili, mhariri atamwambia amezidisha chumvi.

Restora tuliyompeleka iko nyuma ya soko. Ukuta wa matofali ya udongo, bati juu, pazia mlangoni, meza nne. Mama mwenyewe ni wa Uvira. Meza ya ndani kabisa, karibu na jiko, ndiyo ya watu wenye maneno yao: unasikia mafuta yanavyolia na hakuna anayekusikia wewe. Tulijibana watu saba pale pa watu wanne, magoti kwa magoti.

Tuseme ukweli, wengi wetu hatukuwa na mazoea ya kukaa restora na kuagiza. Tunakulaga andazi la njiani, tukisimama. Posho imekatwa mara ngapi, hilo mnalijua bila sisi. Kwa hiyo mama alipouliza nani anataka nini, wote sita tukasema "sombe", mmoja baada ya mwingine kama askari wanahesabu namba, kwa sababu sombe ndiyo ya bei ndogo. Mzee akatuzungusha macho, akaelewa. Akasema, "Mama, lete samaki saba. Na hiyo sombe iwe ya kusindikizia."

Akaja chambo, mzima, ananing'inia pande zote za sahani. Mzee akamsifu, akasema samaki wa Ziwa Nyasa hana mpinzani. Yule msichana Mmalawi anayemsaidia mama akasimama palepale, sahani mkononi. "Ziwa Malawi, bambo." Mzee akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeshikwa na polisi, akasema yeye ni mtu wa hadithi tu, mambo ya mipaka anawaachia marais. Halafu ikawa zamu ya sombe, ambayo yeye anaiita kisamvu, na bugali wetu, ambao kwake ni ugali na kwa msichana ni nsima. Tulibishana na chakula kinapoa. Mama alikuwa ameweka mawese kwenye sombe, na kuyapata mawese hapa si mchezo, na kwa muda hakuna aliyesema neno lolote.

Yule wa Nyarugusu ndiye aliyeanza habari ya vitabu. Alikuja Malawi na kitabu kimoja, Kikosi cha Kisasi cha Musiba, hakina jalada na hakina kurasa za mwisho. Tumekisoma sote, kwa zamu, mpaka pembe zimekuwa laini kama kitambaa. Tunakipenda kwa sababu Willy Gamba anatumwa Kinshasa, na sisi Wakongo wa mashariki hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukanyaga Kinshasa. Mji mkuu wetu tumeujulia kwa mpelelezi wa Kitanzania. Lakini mwisho hatuujui. Akamwomba mzee amweleze. Mzee akasema, "Tumalize kula kwanza. Mwisho wa hadithi haulipwi na mdomo mtupu."

Tukamuuliza tena na tena juu ya kazi. Akatuambia yeye alianza na Bwana Msa, yule wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960: mtu wa kiko, mtulivu, hakimbizani na mtu, anauliza maswali tu. Baadaye wakaja akina Willy Gamba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, watu wa ngumi na ndege. Yeye mwenyewe alijaribu ngumi akashindwa, akarudi kwenye maswali. "Ngumi zinakula kurasa," alisema, "lakini swali moja likikaa vizuri linaweza kufunga sura nzima."

Binti yetu wa Bujumbura, ambaye hasemi sana, akamuuliza anamfichaje muuaji.

Mzee akalamba kidole. "Simfichi. Namweka mezani na wengine, anakula, anacheka, anasikitika marehemu. Kazi yangu si kumficha yeye, ni kumpa msomaji mtu mwingine wa kushika. Mapema kabisa, ukurasa wa kumi hivi. Na unajua nampa nani? Mgeni. Aliyehamia mtaani juzi, lafudhi yake nyingine, hakuna anayemjua mama yake. Msomaji kwa mgeni hadai ushahidi. Viatu vipya vinamtosha."

Tulicheka. Mpiga picha wetu alicheka kuliko wote, na ni yeye aliyesema, "Mzee, hata sisi tuna kesi yetu." Tunamwandika hapa kwa ruhusa yake. Na yeye aliieleza tu kesi. Ilikuwa yetu wote.

Miezi saba kabla ya usiku ule, laptopu ya kundi iliibwa. Pamoja nayo bahasha ya pesa tulizochangisha za fulana za festivali, pesa za vijana wengi, wengine walitoa kwa kuuza sabuni ya posho. Vilikuwa katika kile chumba chetu nyuma ya duka. Jumapili tulifungua tukakuta meza tupu.

Wakati ule kundi lilikuwa na watu saba. Wa saba alikuwa kijana aliyefika kambini mwaka uleule. Anatoka Kongo kama wengi wetu. Kabila lake hatulitaji, kwa sababu tukilitaja nusu yenu mtachagua upande kabla hamjamaliza aya hii, na hatutaki kufanya hivyo mara ya pili. Tuseme tu kwamba lugha ya mama yake si ya mama zetu, na kwamba kule tulikotoka, watu wa lugha hizo mbili wamefanyiana mambo. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati huo, kama sisi.

Alikuwa anakuja jioni kujifunza kompyuta, na kwa kweli alikuwa anatufundisha yeye. Chaja ilipokufa aliifungua kwa kisu cha jikoni, akaunganisha waya, ikawaka. Ijumaa kabla ya wizi yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuonekana akiitumia. Na wiki iliyofuata alikuja na viatu vipya.

Hivyo ndivyo tulivyofanya upelelezi wetu. Anajua vitu vya waya, kwa hiyo anajua kufungua kufuli kwa waya. Viatu vipya, kwa hiyo ana pesa. Tulimwita, tukamweka katikati. Hatukumpiga. Tumegundua kwamba kila tukieleza habari hii tunasema "hatukumpiga", kana kwamba tunastahili cheti. Alisema, "Mimi sikuchukua," mara moja, kwa sauti ya chini. Hakulia wala hakuapa. Tukasema baadaye kwamba mtu asiye na hatia angelia. Angelia, tungesema analilia siri yake.

Tulimwambia apumzike kidogo na kundi. Halafu, kwenye mkutano wa vijana wote, tulisimama tukasoma jina lake ili makundi mengine yawe macho. Tulikuwa tumeliandika kwenye karatasi, jina na ukoo.

Hapa tunaomba wa mashirika msome polepole. Miezi miwili baadaye, shirika moja lilikuwa linatafuta mkalimani wa kujitolea, mwenye lugha kama zake, kazi yenye posho kidogo. Jina lake lilikuwa juu. Mkatuuliza sisi, kama mnavyotuulizaga, maana sisi ndio "viongozi wa vijana": mnamfahamuje huyu? Hatukusema uongo hata mmoja. Tulisema, "Tunamfahamu kidogo tu." Kambini sentensi hiyo inatosha. Kazi ikaenda kwa mwingine, na hakuna aliyemwambia ni kwa nini.

Hayo yote mpiga picha aliyaeleza kama kichekesho. Aliigiza jinsi kijana alivyokaa, mikono katikati ya magoti, na jinsi mwenyekiti wetu alivyojifanya jaji. Tulicheka sana. Mzee naye alicheka pale mwanzoni. Halafu akanawa mikono, akaifuta, akauliza taratibu kama mtu anayeuliza njia ya kwenda soko:

"Kufuli lilivunjwa?"

"Hapana mzee, tulilikuta limefungwa. Alifungua na waya."

"Mlimwona na waya?"

"Hapana."

"Kufuli lenyewe ni lile la kubonyeza, au la kuzungusha ufunguo ndipo lifunge?"

Mweka hazina ndiye alijibu, kwa sababu yeye ndiye alilinunua. "La kuzungusha. Yale ya zamani."

"Ahaa. Basi mwizi wenu ana adabu. Alifungua kwa waya, akachukua vitu, akasimama nje gizani akafunga tena kwa waya, mpaka likafunga vizuri." Alikuwa anatabasamu bado. "Funguo zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Yeye alikuwa na mmoja?"

"Hapana."

"Hizo tatu zilikuwa kwa nani?"

Mama alikuwa anakaanga kitu, tukasikia mafuta. Mwenyekiti akafungua mdomo, na umeme ukakatika. Hilo hatukulitunga. Mnaujua umeme wa hapa. Restora nzima ikaguna, watu wa meza ya mbele wakaanza kutafuta simu zao, mama akapiga kelele msichana alete mshumaa. Na katika lile giza, sauti ya mzee ikaja tena, ya chini:

"Na nani alitaja jina lake kwanza?"

Mpaka leo hatujakubaliana jibu la swali hilo. Tumekaa mara nne kulijadili. Katibu anakumbuka kwamba jina lilikuwa tayari liko chumbani alipoingia. Mweka hazina anakumbuka kuwa alilisikia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anasema aliuliza tu, "Ijumaa nani alikuwa huku?" na wengine wakajibu. Binti wa Bujumbura anasema hakulitaja, lakini alipolisikia alifarijika, kwa sababu hofu yake ilikuwa lisitajwe la mtu anayempenda. Kati yetu sote ni yeye peke yake anayekumbuka kitu kinachomuumiza yeye mwenyewe, kwa hiyo sisi tunamwamini yeye.

Mshumaa ulipofika, mzee aliona nyuso zetu akajua. Akasema, "Samahanini wanangu. Ni ugonjwa wa kazi." Akalipa, akamshukuru mama kwa mawese, akabeba kipande cha samaki kilichobaki kwa ajili ya mtoto wa nyumba aliyolala. Njiani hakuna aliyezungumza. Tulikuwa tunamulika simu chini tusikanyage mitaro. Karibu na bomba la maji binti wa Bujumbura akasema kwa Kirundi, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Huyu mzee ametuandika kabla hajatujua."

Asubuhi mwenyekiti alienda kumuuliza waziwazi: mzee, unafikiri ni nani? Mzee alikuwa anafunga begi. Akajibu, "Kwenye kitabu mimi najua, kwa sababu funguo nimezigawa mimi. Hapa funguo mligawa ninyi." Kabaza akaja na baiskeli yake, mzee akapanda nyuma na begi mapajani, wakaenda kutafuta gari la Lilongwe. Yule wa Nyarugusu alikumbuka baadaye kwamba hakuambiwa mwisho wa Kikosi cha Kisasi. Bado haujui.

Sasa habari ya funguo. Mmoja ulikuwa kwa mwenyekiti, shingoni, anaoga nao. Mmoja kwa mweka hazina. Wa tatu ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa katibu, nyuma ya mlango. Nyumba ile ni kama kituo chetu. Tunaingia bila kubisha, tunakunywa maji, tunachaji simu, tukikuta chakula tunakula. Sote sita tumewahi kuuchukua ule ufunguo na kuurudisha, bila kumwambia mtu.

Yule kijana hakuwahi kuingia nyumba ile. Hata siku moja. Hakujua kama kuna msumari. Na hakuingia kwa sababu katika miezi yote aliyokuwa nasi hatukumkaribisha. Tulikuwa tunaagana naye pale chumbani, yeye anaenda kwake, sisi tunaenda kwa katibu kula. Ushahidi wake wa kutokuwa na hatia ulikuwa ubaya wetu, na ulikuwa mbele ya macho yetu miezi saba.

Aliyechukua ni mmoja wetu sita, au ni mtu wa nyumba ya mmoja wetu.

Hiyo ndiyo ile sentensi. Tumeiacha. Ina maana kwamba maneno haya mnayosoma yamesomwa pia, kabla hayajatoka, na mtu anayejua laptopu iko wapi, au anayemjua anayejua. Amekaa nasi, amesahihisha herufi, amesema hapa ongezeni koma. Hatujui ni nani. Tunachoweza kuwaambia ni jinsi ilivyo kukaa hivyo. Mtu akinyanyuka kwenda kukojoa mazungumzo yanasimama. Mweka hazina ameanza kuandika kila kitu, hata kalamu. Katibu aling'oa ule msumari, halafu akasikitika, akaona kama amekiri jambo.

Tulipoamua kwenda kwa kijana kumwomba msamaha, watano tulikwenda na mmoja akabaki, akasema ana homa. Njia nzima tulikuwa tunafikiria kitu kimoja na kila mtu anajua mwenzake anafikiria nini. Ukurasa wa kumi, viatu vipya. Mpaka mpiga picha akasimama akasema, "Tumeanza tena." Tukarudi. Tulimgusa paji la uso, na ilikuwa homa kweli, malaria, alitapika usiku ule. Tukangoja siku tano apone, tukaenda wote sita.

Siku hizi anakaa upande wa Katubza. Ana meza ndogo chini ya mwavuli, paneli ya sola juu ya bati, anatengeneza simu na kuchaji. Kulikuwa na foleni. Tulisimama kwenye foleni kwa sababu hatukujua pa kusimama pengine. Ilipofika zamu yetu akauliza, "Shida ni nini?" akinyoosha mkono apokee simu, halafu akainua macho.

Mwenyekiti alikuwa ametayarisha maneno. Alisema yale ya mwanzo akasahau mengine. Binti wa Bujumbura akamalizia: kufuli, ufunguo, msumari, mkutano, na lile jibu tulilolipa shirika. Hilo la shirika alikuwa halijui. Ndiyo tulipoona sura yake ikibadilika. Aliweka bisibisi chini. Aliuliza ilikuwa mwezi gani. Tukamwambia. Akahesabu kitu kichwani, hatukuuliza ni nini.

Viatu, alisema, vilitoka kwa kaka yake aliye Lusaka. Tungeuliza, angetuambia.

Tukamwomba arudi kundini. Akasema hapana, bila hasira. Tukamuuliza basi tufanye nini. Akasema tulisimama mkutanoni tukamtaja, tusimame mkutanoni tena. Tumefanya hivyo, Jumamosi iliyopita. Waliokuwepo mara ya kwanza wengi hawakuwepo mara ya pili, wengine wamehama, na mmoja aliyekuwepo alituuliza kwa sauti, "Kwa hiyo mwizi ni nani?" Shirika nalo tumeliandikia barua, tukaeleza jibu letu lilikuwa na maana gani. Bado hawajajibu.

Akasema pia tuandike hapa, kwa kuwa mnatusoma wengi. Lakini tusiweke jina lake. Tulidhani anaogopa. Akasema, "Waliolisikia wanalijua. Wasiolisikia, mbona mnataka walisikie mara ya kwanza karibu na neno wizi?"

Nyuma yetu foleni ilikuwa inanung'unika. Akatuuliza kama tuna simu ya kuchaji au hatuna. Katibu alikuwa nayo, imezima tangu asubuhi. Akaipokea, akaibandika namba, akataja bei ileile anayowatoza watu wote. Jioni tuliirudia. Ilikuwa imejaa. Tukampa noti, akahesabu chenji, akaturudishia yote.